Mapaja Kwanza, Kiuno Baadaye

Nikuchane ukweli mtu wangu. Siku niliyoacha mbio mara ya kwanza, pumzi ilikuwepo. Mzuka ulikuwepo. Ndula nilizonunua kwa mkwanja wa miezi miwili zilikuwa bado zinang'aa. Kilichonirudisha nyumbani ni mapaja. Nilikuwa njia ya Tloma, ile barabara ya vumbi jekundu inayotoka Karatu mjini kupandisha kwenye kahawa, na nilipogonga kilomita ya tatu nikaanza kusikia moto katikati ya mapaja, kama kuna mtu ananipitishia msasa, hatua moja, hatua nyingine, bila haraka. Nikakaza. Kilomita ya nne ngozi ilikuwa imeshachanika. Nikaishusha kanga niliyokuwa nimejifunga kiunoni, nikarudi kwa kutembea, na jioni maji ya kuoga yalipogusa pale nililia. Wiki mbili sikutoka.

Mimi ni bonge. Kilo 102, mapaja yamekutana tangu darasa la sita, na nayapenda maana ndiyo yanayonipandisha mlima. Nakwambia hivi ujue unaongea na nani. Kama wewe ni kimbaumbau, soma kwa ajili ya mshkaji wako. Kama ni bonge mwenzangu na umewahi kusanda, sikiliza: wengi wetu kitaa tunaoacha mbio hatuachi kwa sababu ya uzito. Tunaacha kwa sababu ya bukta. Na hakuna anayetuambia, kwa kuwa kuchubuka mapaja ni stori ya aibu, mtu anaificha kuliko deni.

Hapa Karatu mbio ziko kwenye damu. Filbert Bayi kazaliwa huku mwaka 1953, na tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mita 1,500 kuanzia mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Mbulu, majirani zetu, ndiko kwao John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Kila Desemba kuna Tamasha la Michezo Karatu. Tangu 2008 kuna mbio za Ngorongoro, nusu marathoni inayoanzia geti la Lodoare na kuteremkia hapa mjini. Halafu tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu akabeba ubingwa wa dunia wa marathoni pale Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, na tangu hapo naona sura mpya barabarani kila asubuhi. Unyama mtupu.

Sasa vuta picha ya mkimbiaji iliyoko kichwani mwa kila mtu huku kwetu. Mwembamba, mrefu wa miguu, kavaa kibukta chepesi kilichochanwa pembeni mpaka karibu na kiuno. Hiyo bukta ni kazi nzuri kabisa kwa mwili uleule ilioshonewa. Mapaja yake hayagusani, kwa hiyo hahitaji kitambaa kati yao, anahitaji mguu upate nafasi ya kufunguka. Mvishe bonge uone. Hatua ya hamsini tu kitambaa cha katikati kimeshapanda juu, kimejikunja, na ngozi imebaki inasugua ngozi. Unaanza kuvuta bukta kila baada ya nguzo mbili za umeme. Watu wanakucheki. Unamaindi. Unarudi ghetto.

Kinachochoma pale ni vitu vitatu vikikutana: msuguano, jasho na chumvi. Jasho likianza linalainisha ngozi, ikawa laini kama ya mtu aliyekaa kwenye maji muda mrefu. Likikauka linaacha chumvi, na chembe za chumvi zina makali yake. Kilomita 5 ni maelfu ya hatua, na bonge akienda mdogomdogo anapiga hatua fupi, kwa hiyo ni nyingi zaidi. Hesabu hiyo misuguano. Hakuna ngozi ya binadamu inayovumilia hivyo bila kinga, hata ya bingwa. Wenye miili midogo nao huchubuka wakienda mbali, kwapani na kwenye chuchu, ila wao inawakuta kilomita ya ishirini. Sisi inatukuta ya tatu.

Na pamba ndiyo mchawi mkuu. Sisemi pamba za kutupia mtoke mkapendeze, nasema pamba yenyewe, kitambaa. Pamba inakunywa jasho na hailiachii. Ile pensi ya jezi ya pamba unayolalia, au taiti ya pamba ya buku tatu, kilomita ya kwanza ni raha, ya pili imelowa, ya tatu ni nzito na imeganda kwenye ngozi kama kitambaa cha kudekia. Juni mpaka Agosti hapa Karatu asubuhi ni baridi kishenzi, ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka huoni nyumba ya jirani, na pamba inakunywa ukungu nao. Poliesta na nailoni haziko hivyo, jasho linasambaa juu ya kitambaa na kukauka. Ikichanganywa na laikra kidogo inavutika na kurudi. Hicho ndicho kitambaa cha kutafuta. Soma lebo ya ndani, iko kwenye mshono wa ubavuni, na kama lebo imekatwa, tia tone la maji: likinyonywa hapohapo na kuacha doa zito, hiyo ni pamba, iache.

Kuna kitu kimenikaa moyoni siku nyingi, acha nikitoe. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Tukatoka, kwa ngoma na mchakamchaka. Na kila bonanza, kila mbio za hisani, unapewa fulana. Fulana ndiyo inayobeba nembo za wadhamini, fulana ndiyo inayopigwa picha. Mimi ninazo kumi na moja kabatini, na ni mbili tu zinazonitosha. Chini kila mtu anajijua. Kimbaumbau atavaa chochote na atafika. Bonge, ambaye ndiye daktari anamwambia kila siku kafanye mazoezi, ndiye anayeachwa peke yake na mapaja yake. Hapo ndipo tunapopoteza watu.

Mimi niliokolewa na kazi. Ni dobi kwenye lodji moja njia ya kwenda geti, nafua na kunyoosha nguo za wageni wanaopanda kreta. Siku moja nikaletewa mzigo wa mgeni mmoja, mwanamama wa makamo mwenye mwili kabisa kama wangu, ambaye kila alfajiri alikuwa anakimbia kuzunguka ndani ya uzio. Ndani ya mzigo kulikuwa na bukta mbili. Dobi yeyote huigeuza nguo ndani nje kabla ya kuitia maji, na nilipoigeuza ile ya kwanza nikasimama. Nikasahau bomba liko wazi.

Ndani ya bukta kulikuwa na taiti. Bukta ya juu pana, nyepesi, inaanguka karibu na goti. Ya ndani imebana paja na kufika chini kabisa, chini ya pale mapaja yanapogusana. Mishono ya ndani ilikuwa bapa, imelala, ukipitisha kidole huisikii. Katikati, pale ambapo kwenye bukta zangu mishono minne ilikuwa inakutana na kutengeneza fundo, hapakuwa na fundo. Palikuwa na kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi, kimeshonewa ili mishono isikutane sehemu moja na mguu upate nafasi. Kiunoni mkanda mpana, kama vidole vinne, siyo ule uzi mwembamba wa lastiki unaojikunja chini ya tumbo na kukuachia mstari mwekundu. Pindo la taiti kwa ndani lilikuwa na mstari wa mpira unaonata ili isipande. Na ubavuni mwa paja, mfuko wa simu, unaoishika simu isichezecheze.

Nilimaliza kufua ile siku nikiwa na hasira. Siyo hasira ya wivu. Niliona kwamba kuna mtu mahali fulani alikaa chini akamfikiria mwanamke bonge anayekimbia, akampima, akamshonea. Miaka yote mimi nilikuwa nadhani mwili wangu ndio wenye kosa. Kumbe kosa lilikuwa la mshono.

Duka la michezo sikufanikiwa. Lipo moja huko Chuga nililoingia nikaomba bukta ya kukimbilia, ya kike, saizi yangu. Kijana wa dukani akanicheki juu mpaka chini, akaniletea traksuti ya kiume, akasema hii ndiyo itakayokufaa sista, wewe tembea tu kwanza. Nikasepa. Duka silitaji na wala silihitaji, maana tarehe 7 ilikuwa inakaribia.

Kama hujawahi kufika Karatu tarehe 7, siku ya mnada, njoo. Ng'ombe na mbuzi, vitunguu vya Mang'ola, ndizi, nyama choma, mablanketi, shuka za Kimasai, na mitumba imemwagwa chini kwenye maturubai kama mavuno. Wamasai wanashuka kutoka Ngorongoro, Wairaqw wanatoka vijijini kote, na akina mama wa mitumba wameshapanga sauti zao tangu asubuhi. Binamu yangu yuko Nai, nikamwambia naenda kusaka bukta, akanitumia voisi: “Manze, amka mapema upate kamera, usingoje hao wasee wengine wachague.” Kamera ndivyo wanavyoita pale Gikosh, soko la mitumba la Nairobi, mtumba wa chaguo la kwanza. Ushauri wa kweli huo. Nilifika kabla jua halijapanda.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unatafuta nini, gauni? Yapo ya saizi yako mazuri.”

“Bukta za mazoezi mama. Na taiti.”

Akanitazama. Nikajiandaa kusikia neno. Akasema, “Za wanaume ziko kule, chimba chini. Wazungu wanene wako wengi, usiogope.”

Huyo mama simsahau. Neno lake moja, usiogope, na alisema ukweli mtupu. Mtumba unaotoka Marekani una XL ambayo ni XL kwelikweli, na 2XL na 3XL zimejaa. Zile mpya zinazotoka viwanda vya Asia, XL yake ni M ya watu wengine. Kwa hiyo herufi iliyoandikwa kwenye lebo usiibebe moyoni. Siyo cheti cha tabia. Mimi nina bukta moja imeandikwa L na nyingine 3XL, zote zinanikaa freshi.

Hapo sasa ndipo kichwa cha habari kinapoingia. Watu tunanunua bukta kwa kiuno. Tunaishika, tunaizungushia shingoni au kiunoni, ikifika tunalipa. Kwa bonge hiyo ni njia ya kujichoma. Kiuno kina kamba, kina lastiki, fundi anakipunguza kwa buku. Paja halipunguzwi. Anza na paja. Chukua futikamba, au uzi tu kama huna, pima paja pale lilipo nene kuliko pote ukiwa umesimama, halafu kaa upime tena, maana paja likikaa linatanuka. Chukua kipimo kikubwa. Bukta ya juu, mzunguko wa pindo lake uzidi paja lako kwa inchi tatu au nne ili lisikubane unapoinua goti. Taiti ya ndani iwe pungufu kidogo ya paja ili ishike.

Urefu nao una siri yake. Simama kawaida, tia kidole ujue mapaja yako yanaachana wapi. Kuanzia pale shuka vidole vinne. Taiti iishie hapo au chini zaidi. Ikiishia juu ya mpaka huo imekwisha, itapanda tu, hata ukiishonea mpira wa lori. Kwangu mshono wa ndani, kutoka katikati mpaka pindoni, ni inchi 9. Bonge mwenzangu mmoja wa Rhotia ni mrefu kuliko mimi na yeye hatoki chini ya inchi 11. Usinunue ya mwenzako.

Mnadani hakuna chumba cha kujaribia, ila kanga ipo. Jifunge, ingiza bukta kwa ndani, kisha usisimame kama unapiga picha ya pasipoti. Chuchumaa mpaka chini. Inua goti mpaka karibu na kitovu, mara kumi kila mguu. Ruka papo hapo. Ukisikia umelazimika kuivuta hata mara moja, irudishe kwa adabu. Kisha inyooshe taiti mbele ya jua kwa mikono miwili: ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza kama nywele, laikra imekufa, haitarudi. Na kama unaona kiganja chako upande wa pili, ukichuchumaa na watu watakuona. Siku ile niliondoka na bukta mbili za kikapu za kiume, zile ndefu pana za poliesta, na taiti moja nyeusi. Zote tatu buku kumi na moja, baada ya kubishana kidogo na kucheka sana.

Dada zangu, hili la bukta za kiume lichukueni kiroho safi. Bukta ya mpira wa kikapu imeshonwa kwa ajili ya watu wenye miili mikubwa wanaokimbia na kuruka. Ina nafasi ya makalio, ina nafasi ya paja, haichori kitu. Ukiivalia juu ya taiti umemaliza. Na nyinyi masela mabonge, msidhani mmepona. Ile neti ya ndani iliyoshonewa kwenye bukta za mazoezi ndiyo inayowachana. Lastiki yake inakaa palepale kwenye mkunjo wa paja. Chukua mkasi mdogo, ikate yote kwa uangalifu, kisha vaa boksa ndefu ya kubana ya poliesta kwa ndani. Nimewaambia washkaji watatu, wote wamerudi wananishukuru.

Nilipochoka kusubiri tarehe 7 nyingine nikaenda kwa fundi. Nilimpelekea jezi kubwa ya mtumba, poliesta safi, na taiti iliyokuwa inanibana kiunoni. Nikamchorea kwenye karatasi ile almasi niliyoiona kwenye nguo ya mgeni.

“Binti, hiki ni kiraka. Unataka kiraka kwenye nguo mpya?”

“Fundi, hebu niamini. Pale katikati mishono ikikutana inanikata.”

Akaichukua karatasi, akaigeuza, akanyamaza. Fundi mzuri akinyamaza ujue ameanza kushona kichwani. Akasema mshono wa kawaida wa cherehani ya miguu hautafaa, ukivutika uzi unakatika, tukapige zigizaga, halafu pindo apeleke kwa mwenzake mwenye ovaloki. Mishono akaitoa nje badala ya ndani, wazo lake mwenyewe, mimi sikuwahi kulifikiria: kama mshono lazima uwepo, basi usuguane na hewa. Kiunoni akaniwekea lastiki pana na kamba juu yake, kwa sababu lastiki peke yake ikilowa inashuka. Siku ya kuichukua alikataa kunivisha kwa macho, akasema kimbia mpaka pale stendi urudi. Nikakimbia. Bukta haikupanda. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile traksuti ya Chuga, na sasa anazo oda za mabonge wengine wanne.

Kuna la heshima pia, siwezi kuliruka kwa sababu huku siyo ufukweni. Maza yangu ni mtu wa kanisa. Alipoiona taiti peke yake mara ya kwanza aliuliza, “Utapita hivyo mbele ya wazee?” Sikubishana naye, maana hata mimi nikikimbia huku nawaza nani ananiona siwezi kukimbia vizuri. Bukta inayofika gotini juu ya taiti ilimaliza maneno. Siku hizi ndiye anayeianua mvua ikija. Wadada wa Kiislamu ninaokimbia nao wao huvaa taiti ndefu mpaka kwenye kifundo na gauni fupi la michezo juu yake, na kusema ukweli taiti ndefu ndiyo kinga kamili kuliko zote, haiachi ngozi hata kidogo. Sitiri mwili kwa namna yako. Muhimu kitambaa kikae kati ya paja na paja.

Hata ukiwa na bukta kali, siku za mwendo mrefu pakaa mafuta ya mgando kabla ya kutoka, ndani ya mapaja, chini ya matiti, kwapani. Kiasi cha kuteleza. Poda mimi niliiacha: ikikutana na jasho inakuwa uji. Chupi ya pamba yenye lastiki nene chini ya taiti nayo iache nyumbani. Ukishachubuka, osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kupapasa usisugue, pumzika mpaka ngozi ifunge. Ikianza kutoa usaha au kuvimba, nenda zahanati, usione haya, manesi wameona makubwa zaidi.

Kama dobi nitasema moja. Taiti na bukta za poliesta zifue siku hiyohiyo, chumvi ikilala humo inakuwa msasa wa kesho. Maji ya baridi, sabuni kidogo. Pasi ya mkaa usiisogeze hata karibu, laikra inaungua kabla hujasema aisee. Anika kivulini. Vumbi letu jekundu linaingia kwenye nyuzi, kwa hiyo suuza mara mbili, na chagua rangi nyeusi au kahawia. Kijivu kinaonyesha kila tone la jasho.

Aprili iliyofuata nikaenda Lodoare, kwenye zile mbio za Ngorongoro. Tulipelekwa na gari alfajiri, ukungu ukiwa umekaa juu ya geti. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 juu ya bahari, Karatu mjini kama 1,500, na baridi inayoshuka kutoka kule juu inaingia mpaka kwenye mifupa. Ndani ya hifadhi mtu hatoki tu akaanza kukimbia, kuna nyati na tembo, ndiyo maana asubuhi ya mbio ina ladha yake: walinzi wapo, barabara imeachwa kwetu, na unakimbia huku umeupa msitu mgongo. Wembamba walichomoka mlio uleule wa kwanza, sikuwaona tena. Mimi nikashika mwendo wangu. Mteremko una hila yake, hatua inakuwa ndefu, bukta inavutwa nyuma, na zamani hapo ndipo ningeanza kushika nguo kwa mkono. Mikono yangu siku ile ilikuwa huru. Nilikuwa naisikia lami, namsikia kuku wa mtu, nawasikia watoto wanaita bonge, bonge, na nikawapungia. Karibu na mji kuna kijana nilimkuta anatembea miguu imetanuka, uso umekunjamana. Nilijua anaumwa wapi kabla hajasema. Nilimpa kikopo changu cha mafuta.

Nilimaliza kilomita 21 kwa saa tatu na dakika tisa. Nilipofika nyumbani nilioga maji ya moto na hakuna kilichowasha.

Waandaaji wa mbio, kuanzia bonanza la kata mpaka zile kubwa, nawaomba kitu kimoja. Mnapoandika saizi kwenye fomu msiishie XL. Wekeni mpaka 4XL, na mkiweza, punguzeni nembo mbili kwenye fulana mtushonee na bukta. Mafundi wapo hapahapa, na wanajua.

Nawe bonge uliyesanda ukadhani mwili wako umekataa, hebu kaitazame ile bukta uliyokimbilia kabla hujajihukumu. Tarehe 7 nitakuwa mnadani tangu asubuhi, upande wa mitumba, futikamba iko shingoni. Njoo nikupime paja, sikuchaji hata jero.